Tairi limepasuka kabla ya Makanya, nikakanyaga breki. Nilikosea?

MwalimuWaHesabu (Jumatano)

Wakuu, habari za sikukuu. Naandika nikiwa Moshi. Yalitokea juzi lakini mikono bado inatetemeka kidogo.

Tulitoka Dar saa kumi na moja alfajiri. Mimi kwenye usukani, mume wangu pembeni, nyuma mama mkwe, wadogo zangu wawili na watoto watatu. Gari ni Noah. Kwenye buti: mchele kilo 50, kiroba cha nazi, galoni mbili za mafuta ya kula, na mabegi ya watu wanaofunga safari kama vile hawarudi. Kabla ya kuondoka tulipita kituo cha mafuta kujaza upepo. Kijana wa upepo akauliza tunaelekea wapi, nikamwambia Moshi. Akasema, "Huko joto mama, tairi zitavimba, ngoja niwapunguzie." Akaweka psi 26 zote nne. Mume wangu akaitikia kwa kichwa, maana hata baba yake enzi zake alikuwa akifanya hivyo.

Hadi Mombo safari tamu, tukala, tukanywa soda. Tulipopita Hedaru ilikuwa saa nane mchana, lami inameta kwa mbele kama imemwagiwa maji, nami niko kwenye 100. Ghafla PAA! Nikadhani tumegongwa. Gari likaanza kutikisa mkia kama bata. Mume wangu akapiga kelele, "Breki! Kanyaga breki!" Nikakanyaga kwa mguu mzima. Hapo ndipo mkia ulipotoka kabisa. Milima ya Upare ilikuwa kulia kwangu, nikaiona inahama inakuja mbele ya kioo. Lori la upande wa pili lilikuwa bado mbali, hiyo ndiyo ilikuwa salama yetu. Sijui nini kiliniambia niachie breki. Nilipoachia, gari likajinyoosha nusu, tukaishia kwenye changarawe upande wetu, hatua nne kutoka kwenye kalavati. Nilizihesabu. Nafundisha hesabu, na nikiogopa nahesabu.

Hakuna aliyeumia. Nazi ndizo zilizotawanyika, moja ikampata mama mkwe kisogoni, na kila mgeni anayekuja kutupa pole anasimuliwa nazi kwanza, tairi baadaye.

Kubadilisha tairi ikawa kazi nyingine. Jeki ilizama mchangani. Nati zilikuwa zimekazwa kwa mashine, mume wangu akapanda juu ya spana akawa anaruka. Hii Noah handbreki yake ni ya kukanyaga, naye kwa hofu aliikanyaga mpaka ikalia. Spea ni ile nyembamba kama ya bajaji, na upepo ndani yake ulikuwa wa salamu tu. Vijana waliokuwa wanachunga mbuzi wakatukatia matawi wakayapanga barabarani, halafu mmoja akakimbia akaleta kipande cha bomba la chuma, tukakichomeka kwenye mpini wa spana, nati zikaachia. Tukatambaa hadi Same.

Sasa naomba kuuliza. Nilikosea kukanyaga breki? Mume wangu anasema bila breki tungekuwa tumeshazikwa, mimi naona breki ndiyo iliyotaka kutuzika. Na lile tairi mbona meno yake bado mazima kabisa, nimelinunua hata miaka miwili haijafika? Jumamosi tunarudi kwa njia ileile, watu walewale, ila nazi zimebaki huku na nafasi yake imechukuliwa na ndizi. Nataka kujua nifanye nini. Msiniambie ni mipango ya Mungu, hilo nimeshaambiwa.

Kijogoo_Tabata (Jumatano)

Pole sana dada. Weka naitrojeni zote nne, utasahau habari za kupasuka.

Utingo_Mstaafu (Jumatano)

Mwalimu, poleni wote, na pole ya pekee kwa bibi wa nazi.

Nilianza utingo mwaka 1986, nikashika usukani 1991, nimekwenda na malori Tunduma, Lubumbashi, Rusumo, hadi magoti yaliposema basi. Matairi yaliyopasukia chini yangu sikumbuki idadi. Kwa hiyo mumeo asome hapa bila hasira: breki ndiyo iliyotaka kuwamaliza, na wewe ndiye uliyewaokoa ulipoiachia.

Sababu yake ni nyepesi. Tairi la nyuma likipasuka, gari ni kama mtu anakimbia na kiatu kimoja kimemvuka. Bado anaweza kukimbia akiachwa. Ukikanyaga breki, uzito wote unakimbilia mbele, nyuma panabaki pepesi, na huko nyuma ndiko kuna gurudumu ambalo halishiki kitu. Mkia lazima utake kutangulia. Ndiyo ile milima uliyoiona ikihama.

Tulikuwa tunaambiwa hivi: mikono ifanye kazi, miguu ilale. Usukani mikono miwili, mmoja kulia mmoja kushoto, vidole gumba visizungushwe ndani maana usukani unaweza kukupiga. Mguu uutoe kwenye mafuta taratibu. Taratibu, narudia, maana hata kuachia mafuta kwa ghafla kunautupa uzito mbele. Breki isahau. Tairi lililokufa lenyewe linakokota, hiyo ndiyo breki yako. Likishuka mpaka thelathini hivi, hapo sasa unaweza kugusa breki kama unagusa yai. Gia iache ilipo. Handbreki usiiguse kabisa. Gari likivuta upande, lirudishe kidogo kidogo kama unavyomrudisha mtoto anayetoka njiani, usilikate.

Likiwa la mbele, mkia hautikisiki sana, ila usukani unanyang'anywa. Linavuta upande wa tairi bovu, na linavuta kweli. Dawa ni ileile, tofauti ni nguvu ya mkono.

Na kuna kitu wengi hawakisemi. Nimeona watu wameponea kwenye tairi wakaja kuuawa na ukingo wa lami. Barabara zetu pembeni panaweza kuwa chini ya lami kwa kina cha kiganja. Magurudumu mawili yakishuka, dereva anashtuka anakata usukani arudi. Gurudumu linasugua ule ukingo, linakataa, linakataa, halafu linakubali kwa mkupuo, na gari linarushwa upande wa pili au linabingirika. Ukishashuka, baki huko huko. Nenda nalo kwenye majani mpaka lichoke. Ogopa mtaro na kalavati tu, majani hayana neno.

Nikupe kisa. Nikiwa bado utingo, tairi la mbele kulia lilipasuka tukiwa kwenye ile mibuyu, karibu na Ruaha Mbuyuni, na mzigo wa saruji juu. Mzee wangu alikuwa anatafuna muwa. Aliyepiga kelele ni mimi. Yeye hakutema hata makapi. Alishika usukani mpaka mishipa ya mkono ikasimama kama kamba, lori likaenda lilivyotaka kwenda, likapunguza, likapunguza, likasimama. Ndipo akatoa kichwa dirishani, akatema makapi, akanigeukia: "Ulikuwa unamwita nani?"

Sasa hiyo 26. Hapo ndipo penye ugonjwa wako. Chukua kipande cha waya, ukunje na kuukunjua upesi upesi mahali pamoja, kisha uguse kwa mdomo. Umeungua? Hakuna jua lililouchoma. Tairi lenye upepo mdogo ubavu wake unakunjwa hivyo kila likizunguka, na wewe umelibebesha watu wanane na mchele. Yule kijana alikuhurumia kwa joto la lami akakupa joto la ndani.

Boss_wa_Haiwei (Alhamisi)

Mzee heshima yako, lakini usitishe watu. Mimi mwaka wa 12 napiga Dar–Arusha, kila safari nashusha upepo, sijapasua hata moja. Hewa ikipata moto inatanuka, hiyo ni fizikia ya kidato cha pili. Ukiijaza mpaka juu inatanuka iende wapi?

Fundi_Msamvu (Alhamisi)

Fizikia yako ni sawa, ila na aliyetengeneza tairi naye alipita kidato cha pili.

Niko kwenye matairi hapa Morogoro toka nikiwa na ndevu tatu. Hivi ndivyo ilivyo. Fungua mlango wa dereva, kwenye nguzo kuna kibandiko. Noah nyingi utakuta kimeandikwa kwa kPa, kipimo kingine cha upepo. Kama ni 230, hiyo ni kama 33 kwenye geji zetu za psi. Namba hiyo ni ya tairi LILILOPOA, asubuhi, kabla ya kutembea. Likitembea litapanda lenyewe, 37, 38, na huko kupanda kulishahesabiwa kiwandani. Hutakiwi kufanya chochote. Ukisimama Chalinze ukakuta 38 ukatoa upepo ibaki 33, likipoa usiku unalo tairi lenye njaa, na kesho unaanza safari na njaa hiyo.

Ila msichanganye na namba iliyoandikwa kwenye tairi lenyewe, pale penye neno MAX. Hiyo ni ya mwisho ambayo tairi linaruhusiwa. Ya gari lako ni ile ya mlangoni. Na kama kibandiko kina safu mbili, watu wachache na gari kujaa, mwalimu wewe ni wa safu ya pili.

Boss, wewe pengine uko peke yako na begi moja. Yeye alikuwa na ukoo. Ubavuni mwa tairi baada ya saizi kuna namba kama 91. Maana yake tairi hilo linabeba kilo 615, lakini linabeba hizo likiwa na upepo wake. Ukipunguza upepo umepunguza na kilo.

Naitrojeni sina ugomvi nayo, ila hewa ya kawaida unayovuta sasa hivi karibu asilimia 78 ni naitrojeni tayari. Tairi la 26 lililojazwa naitrojeni ni tairi la 26.

Mwalimu, una lile tairi bado au ulilitupa? Kama unalo naomba uangalie vitu viwili. Kwanza ubavuni tafuta herufi DOT, ufuate maandishi yake mpaka mwisho, kuna tarakimu nne zimo kwenye kidirisha. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Wakati mwingine zimeandikwa upande mmoja tu, ukikosa geuza. Pili ingiza mkono ndani ya tairi ufute. Niambie mkono umetoka na nini.

Mwanavoi (Alhamisi)

Pole dadangu. Mimi natumia barabara ya Mombasa kwenda Nairobi kila wiki, nabeba samaki. Waliotangulia wamesema ya ndani ya gari, mimi niseme ya nje, maana pale ndipo nilipompoteza rafiki. Tairi ilimpasukia karibu na Taru, gari akaisimamisha vizuri kabisa, akashuka kubadilisha. Lori la kontena likampata amechuchumaa upande wa barabara.

Kwa hiyo gari ikisimama, taa za kuashiria zote ziwake, na watu washuke kwa mlango wa upande wa majani. Watoto na nyanya, yaani bibi, wapelekwe mbali, si nyuma ya gari wala mbele yake. Kando kabisa. Huwa nawaketisha chini ya mti nawapa kazi ya kuhesabu malori, mwalimu hilo utalipenda. Pembetatu iweke mbali. Hatua kumi hazimsaidii mtu, lori la kontena hatua kumi ni pumzi moja. Mimi huenda hatua mia, na nikiwa kwenye kona naenda mpaka kabla ya kona. Kama tairi mbovu iko upande wa barabara na pembeni pembamba, sichezi na jeki hapo. Najikokota polepole mpaka penye nafasi, hata mita mia tano, hata rimu ikipinda. Rimu inanunuliwa.

Usiku ndiyo kabisa. Ukipasukiwa mahali usipopaamini, jikokote mpaka penye taa.

Halafu jambo moja nawaombeni sana. Yale matawi na mawe mnayoyapanga, MKIONDOKA MUYAONDOE. Watu wanafunga nati, wanasema asante, wanaondoka, na jiwe la kuzuilia gurudumu linabaki kwenye lami. Saa nne usiku anapita mtu na pikipiki.

Mbongo_Ohio (Alhamisi)

Naongeza kidogo kwenye hoja ya upepo. Huku Marekani mwaka 2000 kulikuwa na sakata kubwa la matairi ya Firestone kwenye Ford Explorer, mamilioni ya matairi yakarudishwa. Walikuwa wanabishana nani mwenye kosa, tairi au gari, na mojawapo ya vitu vilivyobishaniwa ni kwamba Ford walikuwa wanapendekeza psi 26 wakati Firestone wanasema 30. Ni 26 ileile ya mwalimu. Baada ya hapo sheria ikaja ya magari mapya kuwa na kitaa kinachowaka upepo ukipungua. Noah za zamani hazina hicho kitaa, kwa hiyo kitaa ni wewe na geji yako.

MwalimuWaHesabu (Ijumaa)

Asanteni wote. Mume wangu amesoma. Amekaa kimya, na kwake hiyo ni hatua.

Tairi tunalo, lilikuwa nyuma ya banda la kuku. Fundi, tarakimu zenyewe ni 2214. Wiki ya 22, mwaka 2014! Mwanangu wa kwanza alikuwa hajazaliwa, sasa yuko darasa la nne. Na niliambiwa ni jipya. Lilikuwa linang'aa kwa weusi, lina vile vinywele vya mpira.

Mkono nimeuingiza. Umetoka na unga mweusi, chembe chembe kama majani ya chai. Na ndani ya ubavu pamekunjamana duara zima, kama shingo ya mtu mnene.

Nikachukua karatasi. Saizi ni 195/65R15. Upana milimita 195, ubavu asilimia 65 ya hiyo, yaani kama 127, mara mbili, jumlisha rimu ya inchi 15 ambayo ni 381. Kipenyo kama milimita 635, mzingo karibu mita 2. Kwa mwendo wa 100 ni mizunguko 14 kila sekunde. Kutoka Dar hadi pale ni zaidi ya kilomita 300, kwa hiyo ule ubavu ulikunjwa zaidi ya mara 150,000. Wanafunzi wangu mwezi ujao watalikuta hili swali kwenye mtihani.

Mzee Utingo, nimejaribu waya. Nimeungua mdomo.

Fundi_Msamvu (Ijumaa)

Huo unga ndio tairi lako lenyewe, limejisaga likitembea na upepo mdogo. Nikiuona ndani ya tairi la mteja silirudishi kwenye rimu hata akinilipa mara tatu. Vinywele visikudanganye, tairi likikaa stoo miaka minane vinywele viko palepale, na kuna dawa ya kung'arisha inayolifanya la 2014 litabasamu kama la jana. Mpira unazeeka hata ukilala. Watengenezaji wengi wanasema likipita miaka mitano likaguliwe kila mwaka, na kumi litoke hata kama halijagusa lami.

Angalia na matatu yaliyobaki kabla ya kesho. Ukiweza kununua mawili tu, mapya yaende NYUMA. Najua kila mtu anataka yaende mbele kwenye usukani, lakini mkia ukikosa mshiko umeshajionea mwenyewe.

Spea yako nyembamba imeandikwa ubavuni upepo wake, nyingi ni 60 psi na mwisho mwendo wa 80. Ijaze leo. Fundi akifunga nati kwa mashine mwambie amalizie kwa mkono, azifunge kwa kuvuka, hii halafu ya upande wa pili, si kwa kuzunguka tu. Ukitembea kilomita 50 hivi zikaze tena. Nunua na kipande cha ubao kama daftari, kikae chini ya jeki, ndiyo mchanga hauli jeki. Na nati zinalegezwa tairi likiwa bado chini, robo mzunguko tu, ndipo unanyanyua. Mumeo kuruka juu ya spana gari likiwa limeshanyanyuliwa kwenye mchanga, hilo sijaambiwa lakini nimeliona kwa macho ya moyo.

MwalimuWaHesabu (Ijumaa)

Umeliona sawasawa.

Kati ya yale matatu mengine, mawili ni ya 2019, moja la 2014 kama lile. Tumenunua mawili, tarakimu nimezisoma mwenyewe kwa tochi ya simu, muuzaji akaniuliza kama natoka shirika la viwango.

Utingo_Mstaafu (Ijumaa)

Vizuri. Kesho kila mkisimama zunguka gari uweke kiganja kwenye ubavu wa kila tairi. Sisi tulikuwa tunagonga kwa nyundo tukisikiliza sauti, wewe kiganja kinatosha. Yote yatakuwa na joto, usishtuke. Unatafuta moja lisilofanana na wenzake.

MwalimuWaHesabu (Jumamosi, saa tano na nusu asubuhi)

Tuko Mombo. Tumesimama kula. Nimezunguka na kiganja, watu wa mabasi wananitazama. Matatu yana uvuguvugu sawa kama uji wa mtoto. La nyuma kulia ni la moto. Upepo nimepima asubuhi Moshi, 33 yote. Hili ni jipya la jana! Nimeuziwa tena bovu?

Utingo_Mstaafu (saa tano na dakika arobaini)

Usilaumu tairi kwanza. Sogeza mgongo wa mkono karibu na rimu, usishike. Kipi cha moto zaidi, rimu au mpira?

MwalimuWaHesabu

Rimu. Haisogeleki. Na kuna harufu kama mtu anachoma godoro.

Utingo_Mstaafu

Msiondoke hapo. Na msiimwagie maji. Hiyo ni breki imeshika, gurudumu linatembea huku limefungwa. Joto hilo likipanda linaingia kwenye tairi, na tairi jipya linapasuka kama la zamani. Gari lilikuwa zito kuondoka?

MwalimuWaHesabu

Toka Same nalisikia zito, nikadhani ni ndizi. Pale Same tuliegesha kwenye mteremko, mume wangu akakanyaga handbreki.

Utingo_Mstaafu

Ileile aliyoikanyaga juzi mpaka ikalia. Tafuteni fundi wa breki kabla hamjaagiza chakula. Mombo hawakosekani, uliza pale wanapoegesha malori.

MwalimuWaHesabu (saa saba kasoro)

Amepatikana, yuko chini ya gari, naona miguu tu. Anasema waya wa handbreki wa kulia umechanika nyuzi na umeganda ndani ya ganda lake, ukivutwa haurudi. Waya mpya labda Korogwe au Tanga. Anauliza aukate au aulegeze?

Utingo_Mstaafu

Aulegeze mpaka gurudumu lizunguke kwa kidole. Azungushe mbele yako, usikubali maneno. Kisha handbreki isiguswe na mtu mpaka Dar. Mkiegesha wekeni gia kwenye P na jiwe kwenye gurudumu.

MwalimuWaHesabu (saa saba na robo)

Linazunguka kwa kidole, nimelizungusha mimi. Mume wangu ameshaokota jiwe, analo miguuni. Mwanavoi, tukiondoka tunaondoka nalo.